Ng'ombe wa Uhuru Aliyenuka Ndagala

Ni minye, mimi mwenyewe. Sitaki kuzunguka. Ile nyama ya sikukuu ya uhuru iliyonuka samaki mpaka watu wazima wakashikana mashati, niliiharibu minye, kwa mikono yangu hii miwili. Muzee Kashindi hakufanya kitu. Nilikuwa na meno yote wakati ule, sasa nimebaki na machache, na neno hili bado linanikaa kooni.

Ninyi vijana ninaowaandikia barua hii, habari yenyewe hamuijui, lakini jina munalo. Nyama ikinuka kidogo sokoni Uvira, mama anaisukuma na kusema, "Hii ni ya Kashindi, sitaki." Juzi mjukuu wangu amesema vile juu ya maziwa. Nikamuuliza Kashindi ni nani. Akaniambia ni namna ya kuoza.

Kashindi alikuwa muntu, mutoto wangu! Alikuwa mchungaji wa ng'ombe ku masomo, shuleni kwetu, na yote ninayojua juu ya ng'ombe ni yeye aliyenifundisha.

Minye ni mutoto wa ziwa. Baba yangu alikuwa mvuvi, na kwetu ng'ombe tulimwona akipita tu. Miaka ya mwisho ya Wabelgiji nikapelekwa kwenye shule moja ya ukulima katika uwanda wa Ruzizi, upande wa Katogota, kujifunza kufuga ng'ombe wa nyama. Baba alicheka mpaka akaketi mchangani. "Unaenda kusomea kulinda ng'ombe? Ng'ombe inajilinda yenyewe, iko na pembe." Kicheko kile kiliniuma sana.

Agronomu wetu, mwalimu wa ukulima, alikuwa Mbelgiji mwembamba tuliyemwita Bwana Mizani, juu ya kupenda kupima kuliko kula. Kila mwanafunzi alipewa dume moja lililohasiwa, lenye namba tu. Jina alikataza, alisema kitu utakachokula usikipe jina. Wangu alikuwa Namba Kumi na Ine. Kila Jumamosi tuliwapima kilo. Tulijifunza kuwaogesha dawa ya kupe, kuwapa maji safi, kutowapiga siku ya kuchinjwa, na kutochinja ng'ombe aliyechomwa sindano mpaka siku za ile dawa ziishe mwilini.

Tena kila mmoja alikuwa na kaye ya ng'ombe wake, daftari la kuandika kila kitu kilichoingia mdomoni mwa yule mnyama. Ukurasa ukijaa unaweka sahihi yako, na chini yake Muzee Kashindi anaweka kidole gumba chenye wino, kama shahidi. Kusoma hakujua. Alikuwa Mfuliiru wa milima ya Lemera, ng'ombe aliwasemesha Kifuliiru kwa sauti ya chini, na matusi yote alituwekea sisi wanafunzi.

"Sheria ni moja tu," alikuwa akituambia huku akikata matete. "Kitu hauwezi kuandika mu kaye, usimupe ng'ombe."

Basi uhuru ukakaribia. Direkta wa shule akatangaza kwamba dume lenye kilo nyingi kuliko yote litachinjwa kwa sikukuu, na mwanafunzi wake atakaa meza ya wakubwa, na viatu mguuni. Minye nilisikia kitu kimoja tu, kwamba baba atakuja na ataniona nimekaa pale.

Shida ilikuwa Namba Kumi na Ine mwenyewe. Alikula tangu asubuhi mpaka jioni na mbavu zikabaki nje. Nikafikiri, nikafikiri. Kwetu ku ziwa, mtoto akikonda anapewa ndagala, vile visamaki vidogo vya Tanganyika, na katika mwezi mmoja mashavu yanarudi. Nikajiambia, mtoto na ng'ombe, tofauti yao ni nini?

Nikamtumia mama habari kwamba shuleni wanatuua na njaa. Aliyeleta jibu alisema mama alilia. Tangu pale kila wiki akanitumia kikapu cha ndagala kavu kwa wamama waliokuja soko la uwandani. Mchana, wenzangu wakilala, minye nilikuwa nyuma ya zizi na kinu. Ninatwanga, ninachanganya na pumba na chumvi, ninampelekea.

Siku ya kwanza alinusa akaniangalia sana, kama nimemtukana mama yake. Siku ya tatu akalamba beseni. Wiki ya pili, akisikia tu harufu ya shati langu, analia zizi zima linaamka. Mu kaye niliandika: majani, pumba, chumvi, maji.

Kilo zikapanda. Bwana Mizani akasema mizani imeharibika. Akapanda yeye mwenyewe kujipima, kisha akampandisha direkta, kisha Muzee Kashindi na fimbo yake, wote akawaandika. Akaifungua mizani yote chini, akaipaka mafuta, akaifunga tena. Jumamosi iliyofuata Namba Kumi na Ine akapita kilo za wenzake wote. Mbelgiji yule akanipa mkono, mara ya kwanza na ya mwisho.

Lakini mambo mengine yakaanza. Ng'ombe wangu akawa anaacha kundi barabarani na kufuata kila mama aliyebeba kikapu cha samaki kichwani. Mmoja alikimbia naye nyuma mpaka kanisani. Kisha paka. Internati, bweni letu, ilikuwa na paka watano, na wote waliacha panya wakaanza kumfuata Namba Kumi na Ine malishoni. Wanatoka naye asubuhi, wanarudi naye jioni, mikia juu.

Muzee Kashindi aliangalia siku mbili. Siku ya tatu akaniita pale wanaponyweshea.

"Weye. Ng'ombe yako inakula nini?"

"Majani, baba. Na pumba."

"Na hizi paka?"

"Paka wanapenda kutembea."

Akanyoosha fimbo. Paka mmoja alikuwa amelala mgongoni mwa Namba Kumi na Ine, mbele yetu sisi wawili.

"Sikiliza, mutoto wa ziwa," akasema. "Siko nakufokea. Kama kuko kitu ulimupa, sema leo. Tutamuacha na majani tu, wiki tatu, wiki ine, mwili itajisafisha, nyama itakuwa nyama. Siku bado ziko. Lakini ukinyamaza, ile kitu itatoka mu sufuria mbele ya batu, na sitakuwa na namna ya kukusaidia."

Mlango ulikuwa wazi vile, na minye nikasimama nje. Nikahesabu kilo atakazopoteza kwa majani matupu. Nikaona viatu. Nikaona baba.

"Hakuna kitu, baba."

Akatia kidole gumba kwenye wino, akakibonyeza chini ya uongo wangu, akaenda.

Wiki moja mbele ya sikukuu Bwana Mizani akasema anaenda Usumbura, ng'ambo ya Ruzizi, kusalimia rafiki. Akapakia masanduku, kitanda, na mizani ya ng'ombe. Tulipoona mizani ndani ya kamyo, lile lori lake, tukajua yule harudi. Kwa hiyo hakukuwa tena muntu wa kuangalia nyama kabla haijaingia jikoni.

Sikukuu iliangukia Alhamisi. Watu walijaa, wa Uvira, wa uwandani, wa milimani, na ngoma zao. Minye mezani kwa wakubwa, na viatu vya kuazima vilivyonibana. Baba mbele kabisa, shati la kanisani. Hakuwa anacheka. Alikuwa ananionyesha kwa jirani zake kwa kidole, na mpaka leo ninaukumbuka ule utamu, ulikaa kama dakika tano.

Wakafunua masufuria.

Kwanza watu walifurahi, walidhani kuna nyama na samaki pia. Sahani zikapita. Wakatafuna, wakaangaliana.

"Hii ni mukeke," mvuvi mmoja akasema, akitaja samaki wetu wa ziwa.

"Ni ng'ombe," akajibu muntu wa uwandani. "Niliiona ikikufa."

"Basi ilikufa ikiwa mukeke."

Pale ndipo mashati yaliposhikwa. Mwenyekiti wa kamati ya sikukuu akapanda juu ya kiti, akasema jambo liko wazi: Wabelgiji wamevusha nyama ya ng'ombe ng'ambo ya Ruzizi na kutuachia samaki ndani ya ngozi. Watu wakapiga makofi. Ikaundwa komisyo ya uchunguzi palepale, ya wanaume saba. Kazi ya kwanza ya nchi huru niliyoiona kwa macho yangu ni wanaume saba wenye tai wakinusa sufuria kwa zamu. Katekista akauliza kama nyama itakayobaki Wakatoliki wanaweza kuila kesho Ijumaa, kwa kuwa iko samaki kidogo. Akala vipande vitatu kuchunguza lile swali, akaomba cha nne.

Nilicheka. Ndiyo, nilicheka na wengine, mpaka mwenyekiti akasema, "Leteni kaye ya huyu ng'ombe."

Direkta akasoma kwa sauti. Majani, pumba, chumvi, maji. Majani, pumba, chumvi, maji. Ukurasa baada ya ukurasa, na kila ukurasa kidole cha Kashindi. Mwenyekiti akasema kama chakula kilikuwa safi, basi mbaya ni yule aliyelinda. Mwingine akasema alishamsikia akisemesha ng'ombe kwa sauti ya chini, kama mchawi. Watu wakaguna.

"Hiki kidole ni chako?"

"Ni yangu," Kashindi akajibu.

"Ng'ombe alikula haya tu?"

Muzee aligeuka. Aliniangalia. Meza nzima ikaniangalia, na baba akaniangalia. Nilikuwa na neno moja tu la kusema, ndagala, neno ambalo kwetu ata mtoto wa kunyonya analijua. Nikasimama na vile viatu, nikasema:

"Niliandika yote aliyokula."

Wakamvua koti la kazi mbele ya watu. Hakunitukana, yeye aliyekuwa anatutukana kutwa. Akachukua fimbo yake, akashika njia ya Lemera, na ngoma zikaendelea.

Baba alinifuata baadaye, akinusa vidole vyake. "Ndagala ya mama yako iko na muchanga ya kwetu," akasema. "Niliusikia mu meno."  Tangu siku ile hakunicheka tena juu ya ng'ombe, na hakunionyesha tena kwa jirani.

Miaka ikapita, uasi ukafika uwandani. Minye nilikuwa nimebakizwa pale ku masomo kama moniteri, mwalimu msaidizi. Direkta akaniambia nipandishe kundi lote milimani, lifichwe. Njia za milimani alizijua nani? Kashindi. Minye nilijua kaye. Nikatembea na ng'ombe asubuhi nzima, nikapotea, nikazunguka, na saa sita nikaliingiza kundi zima katikati ya kambi ya waasi wenyewe. Wakanishukuru sana.

Kapiteni wao akauliza ng'ombe wanatoka shule gani. Nikamtajia. Akarudi nyuma hatua mbili. "Ile ya Kashindi? Yenye kunuka samaki?" Munganga wao, aliyewapa dawa ya kuzuia risasi, alikuwa amewakataza samaki, akila mmoja risasi zitaingia. Wakabishana, wakanusa ng'ombe mmoja mmoja, kisha wakawafukuza wote warudi chini. Kule chini askari wa serikali wakawala bila kunusa. Ndiyo mwisho wa ng'ombe wa shule yetu. Angekuwako Kashindi, kundi lingelala milimani salama.

Minye nilipanda na waliokimbia, na kule Lemera nikamkuta. Alikuwa na ng'ombe mmoja na shamba la maharage. Akanipa kula. Nikaweka sahani chini, nikamwambia yote, na machozi.

"Nilijua tangu paka," akasema.

"Na hukusema?"

"Nilikuwa nangoja useme weye." Kisha akauliza, "Ndagala vikombe ngapi kwa siku?"

"Vinne."

"Mbili zingetosha," akasema. Alifikiri kidogo. "Ukishuka, useme mbele ya batu. Ni ile tu. Koti yao sitaki. Useme."

Nikamwambia nitasema.

Niliposhuka, shule ilikuwa imekuwa kambi ya askari, direkta amekwenda, wale saba wametawanyika. Nikajiambia hakuna wa kumwambia. Uongo mwingine. Soko la Uvira lilikuwa limejaa watu, wananusa nyama na kumtaja Kashindi, na minye katikati yao ninachagua majani yangu ya sombe kimyakimya. Muzee alikufa kule juu. Nilisikia akiwa amekwisha kuzikwa.

Weye unayefuga leo, andika kila kitu unachompa mnyama wako. Ukikosea, sema siku zikiwa bado ziko, wakati majani matupu bado yanaweza kusafisha. Usingoje sufuria ifunuliwe. Na kama kuna muntu aliweka kidole chini ya maneno yako kwa kukuamini tu, usilale mpaka umekitoa pale.

Sasa nimesoma tena barua hii toka juu. Jina la Kashindi nimeliandika mara nyingi. Langu sijaliandika ata mara moja. Nilikuwa nimetayarisha wino ili niweke kidole changu hapa chini. Kibweta cha wino kiko hapa mezani, kimefunguliwa tangu asubuhi, na kidole changu bado ni kikavu.