Maneno ya Kobe

Katika soko la Kimironko, kwa fundi cherehani aliyenipa kazi ya kupiga pasi, tulibishana wiki nzima filamu ipi ilistahili tuzo kubwa. Mimi nilitetea katuni ya kobe anayemtafuta mama yake.

Fundi alinicheka. "Mtu mzima unalilia katuni! Tuzo ni ya watu, kaka, si ya michoro."

"Hao watu wako, nani kati yao aliaga kwa maneno mazuri kama kobe pale mtoni?"

"Una hakika aliyeaga ni kobe?"

Swali hilo lilinikera. Sote tuliiona kwa Kinyarwanda, sauti ya mfasiri ikiwa imewekwa juu ya picha, kama tunavyoona filamu zote. Nikatafuta nakala isiyofasiriwa. Pale mtoni kobe hasemi neno hata moja. Anautazama mto, kisha anaondoka.

Nikaanza kushuku kila filamu niliyowahi kuitetea.

"Basi tuzo apewe mfasiri," fundi akasema.

Sikukubali. Niliirudia ile nakala ya kimya, nikimchunguza kobe kama mwizi. Pale mtoni nikalia tena, na sijui kama nilimlilia yeye au bado nilikuwa namsikia mfasiri.