Mgeni na Mlango Begani

Siku ninayoikumbuka kuliko zote za ufundi wangu, mwanangu, ni ile ambayo dada yangu Mize alifika kwenye kituo cha afya kule upande wa Wingwi, mtoto kamfunga mgongoni kwa kanga, akaitupia jicho kompyuta iliyokuwa mezani, akageuka akarudi alikotoka. Mtoto hajachanjwa. Na surua ilikuwa imekwishaingia kijiji cha pili.

Kompyuta ile niliiweka mie. Na kabla sijaenda mbali, ujue anayesema nawe ni nani. Mie ni Shaame. Skuli niliiacha kabla ya kumaliza la saba. Nimepanda mikarafuu ya watu, nimeuza tochi, nimefungua redio za watu nikazifunga zikaimba, mpaka nikawa na duka langu la kompyuta mjini Chake. Kuandika programu nilijifunza peke yangu, kwa kitabu kinene kilichokwishapoteza jalada na kwa intaneti ya kukatikakatika. Wenye vyeti vyao walikuwa wakija kuniuliza, na wanakuja mpaka leo. Sijisifu, nasema yalivyo.

Mashine zenyewe zilikuwa kuukuu, za kuletewa na wahisani. Nikazitilia Linux. Huo ni mfumo wa kuendeshea kompyuta, usiouzwa. Watu wa kila nchi wanautengeneza na kuugawa bure, kama maji ya mtungi wa msikitini, mwenye haja anateka. Bi Zuwena, muuguzi mkuu wa kituo, mama mtu mzima mwenye miwani nzito, akaniomba programu ya chanjo: anaandika jina la mtoto, na mashine inamkumbusha nani hajarudi kwa sindano yake. Nikamwandikia, na ilifanya kazi.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo kilipo kisa. Programu hufunguka ndani ya dirisha, na kila dirisha lina utepe juu yake, wenye jina la programu na vitufe vya kulishusha, kulikuza na kulifunga. Mie huuita paji, kama paji la uso. Ukiiachia Linux, yenyewe inachora paji hilo, namna moja kwa madirisha yote, kwa rangi na herufi alizochagua mwenye mashine. Lakini ukitaka waweza kuiambia: kaa pembeni, la kwangu nalichora mwenyewe.

Mie nilikuwa kijana, mkono wangu unawasha. Nikaiambia ikae pembeni. Nikachora paji la kijani cha jani la mkarafuu, herufi za manjano kama bizari, pembeni nakshi ya kofia ya viua, na kitufe cha kufungia nikakipa umbo la tumba la karafuu. Nakwambia kweli, tangu siku ile sijaona paji zuri kama lile, na nimeyaona mengi.

Ila mwaka wenyewe ulikuwa wa uchaguzi. Labda weye ulikuwa hujazaliwa. Miaka ile ya mwanzo ya vyama vingi siasa ilituingia mpaka jikoni. Mtu hanunui chumvi kwa asiyekuwa wa upande wake. Waliocheza pamoja utotoni wanapishana njiani bila salamu. Kila rangi ilikuwa na wenyewe. Na mie nimeweka kijani na manjano juu ya meza ya chanjo, kioo kimeelekea benchi la kina mama.

Mize alipogeuka siku ile, nikamkimbilia njiani.

"Dada, mtoto achanjwe."

"Atachanjwa. Si humo."

"Humo wapi?"

"Humo katika kompyuta yenu ya chama. Jina la mwanangu halitiwi humo. Leo jina, kesho mtamkatia kadi."

"Ile ni rangi ya mkarafuu, Mize."

"Mkarafuu gani unaoandika kwa manjano? Shaame, weye tangu mdogo hujui kudanganya. Wacha tu."

Akaenda zake, na waliokuwa nyuma yake wakaenda naye.

Nikarudi nikabadili rangi, nikatia buluu. Waliokuwa wametulia jana wakainuka leo: kumbe mashine imehamia upande wa pili. Nikatia nyeusi. Bibi mmoja akaniuliza kwa upole nani kafa. Kila rangi niliyoishika nilikuta mkono wa mtu umeitangulia. Huku benchi linazidi kuwa tupu, na habari zinakuja za watoto wenye macho mekundu na vipele, na Mize yuko kwake na yule mtoto wake, Hamadi, kamfungia ndani.

Bi Zuwena akaniita. Hakunifokea, na mie nilikuwa nimejiandaa kufokewa.

"Kaa hapo, fundi." Akafungua kikokotoo cha kompyuta. "Hiki chama gani?"

"Hakina chama, Bi Zuwena."

Akafungua programu ya kuandikia barua. "Na hii?"

"Nayo haina."

"Uliwahi kusikia mama yeyote akiziuliza?"

"Sijasikia."

"Basi zitazame."

Nikazitazama. Zote mapaji yao yalikuwa na rangi moja ya udongo, kama ukuta wa nyumba, na herufi kubwa kubwa.

"Rangi hii niliichagua mie," akasema. "Herufi hizi nilizikuza mie, kwa macho yangu haya. Kila inayoingia humu inavua viatu na kukaa ninapoikalisha. Yako tu ndiyo imekataa. Herufi zake nashindwa kuzisoma, kitufe chake cha kufungia nilikitafuta, nilipokiona nikadhani kombamwiko." Akavua miwani akaifuta kwa ncha ya mtandio. "Hebu niambie, Shaame. Umepata kuona mgeni anakwenda kwa watu na mlango wake begani?"

Nilitaka kumjibu kwamba mlango wenyewe ulikuwa mzuri. 

Nikaketi palepale nikafuta. Nakshi ikaenda, tumba la karafuu likaenda, rangi zote zikaenda. Nikabakisha neno moja tu la kuiambia Linux: dirisha hili jina lake ni Chanjo, mengine anajua mwenye nyumba. Nikaifungua.

Likatokea dirisha la rangi ya udongo, limeandikwa Chanjo kwa herufi kubwa.

Mwanangu, nikakisogelea kioo. Sikuwa nimeandika udongo popote. Sikuandika kubwa popote. Nilinyamaza tu, na nyumba ikaivisha programu yangu nguo zake. Nikaifunga nikaifungua tena, kama mtu anayewasha na kuzima taa ya kwanza kuletwa kijijini.

Mize nilimfuata mwenyewe nikamwomba aje atazame tu. Akaja na uso wa kugombana. Akasimama mbele ya kioo, akainama, akachungulia pembe zote.

"Liko wapi lile lijichama lako?"

"Limekwenda zake."

"Na hii ya nani?"

Bi Zuwena hakuinua kichwa. "Yangu. Mlete mtoto."

Mize akanitazama, akamtazama Bi Zuwena, akafungua kanga. Hamadi akalia kilio cha kusikika mpaka barabarani, na mie sijapata kukifurahia kilio cha mtoto kama kile. Siku zilizofuata benchi likajaa watu wa pande zote, bado hawasalimiani, lakini wamekaa bega kwa bega, na hakuna aliyekitazama kioo tena. Walikuwa wanatazama watoto wao.

Ningeishia hapa ingekuwa kisa kizuri. Lakini lililonivunja kiburi lilitokea kisiwani Fundo.

Kituo cha Fundo waliposikia wakaitaka ile programu. Nikavuka nayo. Muuguzi wa kule, Bi Time, anatumia mkono wa kushoto, na mashine yake aliipanga kwa kupenda kwake: vitufe vya madirisha yote viko kushoto, paji jeusi, maandishi meupe, kwa sababu jua la baharini linampiga kwenye kioo. Mie sikumjua mama yule, wala sikujua kwamba kuna watu wanaotaka vitufe kushoto. Nikaitia programu, nikaifungua. Ikafunguka na paji jeusi, maandishi meupe, vitufe kushoto, kama aliyezaliwa mlemle.

Bi Time hakushangaa hata kidogo. Alibofya akaendelea na kazi. Mie ndiye niliyeshika meza.

Maana nilifikiri: kuna mtu, sijui nchi gani, pengine kwenye baridi, asiyejua kama kuna kisiwa kinaitwa Fundo, naye alikaa akamfikiria mama huyu kabla yangu. Akamwachia nafasi. Hakujua atakuwa nani, akaiacha wazi tu, mpaka mama mwenyewe akaja akakaa. Na hakutia jina lake mahali pa kuonekana. Nywele zilinisimama, mwanangu. Hata sasa ninapoandika zinasimama.

Hamadi yule ndevu zimekwishamjaa, naye ni fundi wa programu. Majuzi kaniletea yake ya nyakati za sala nimtazamie. Kaichorea paji lake la zambarau, na kitufe cha kufungia kakifanya mwezi. Nikamuuliza vipi, akasema siku hizi programu zote za nje zinafanya hivyo, kila moja na sura yake. Nikacheka mpaka akaona haya. Ndipo nikakaa kuandika haya, yawe yake, na yako weye unayejifunza ufundi huu.

Sikukatazi kupamba. Pamba ndani, mwanangu, pamba mpaka uchoke, huko ni kwako. Lakini paji liachie mwenye mashine. Hujui macho yake, hujui mkono anaotumia, hujui ana ugomvi gani na rangi gani. Nafasi alikwishaachiwa na watu waliokutangulia kumfikiria. Usije weye ukaiziba kwa uzuri wako. Na uzuri wenyewe unaweza kuwa wa kweli. Wangu ulikuwa.

Mola akupe mkono mwepesi na macho ya kumuona usiyemjua. Na kila nyumba utakayoipigia hodi, akujaalie ukaribishwe kwa mlango wake wenyewe.