Jani la Nyuma ya Choo

Tangu watafiti wa chuo kikuu wabebe dawa ya ini ya Wanjira kwenda kuijaribu kwa panya, chakula hakikumshuka Ruguru vizuri. Wanjira alikuwa mke wa kaka yake, na meza zao za dawa pale soko la Kianjokoma ziligusana. Ruguru ndiye aliyeanza kutibu macho ya manjano, wakati Wanjira bado anauza vitunguu. Sasa wagonjwa walikuja kutoka hata Meru, wakamsalimia Ruguru kwa heshima wanayopewa wastaafu, kisha wakaketi kwa wifi yake.

"Wifi, hata panya ni wateja wako siku hizi?"

"Angalau hao hawapigi domo," Wanjira akajibu.

Ruguru alikuwa na faraja moja. Waganga wa pale hawauzi gome peke yake. Kila mmoja hulichanganya na jani la kupoteza, lisilo na kazi yoyote, ili anayechungulia aige upuuzi. La Ruguru lilitoka kwenye mmea utambaao nyuma ya choo chake. Alilichagua kwa sababu lilinuka na halikuwahi kumdhuru mbuzi. Na Wanjira alichungulia sana.

Basi Daktari Kinya, mmoja wa wale watafiti, aliporudi sokoni, Ruguru alidai naye apimiwe dawa yake. Akampa gome tupu, safi, bila jani. Kuwadanganya wagonjwa ni sawa, lakini sayansi aliona aibu kuidanganya.

Baada ya miezi kadhaa, Kinya alikuja na majibu. Panya walikuwa wamenyweshwa dawa ya maumivu kupita kiasi mpaka maini yakaharibika, halafu wakapewa miti shamba.

"Mama Ruguru, gome lako halikuwasaidia. Ni kama tuliwapa maji."

"Na wa huyu?"

"Wa Mama Wanjira walipata nafuu. Lakini panya si mtu, msianze kutangaza." Akaweka jani kavu mezani. "Tulitenganisha mchanganyiko wake. Gome lake nalo bure. Kazi ilifanywa na hili."

Ruguru alilitambua kwa harufu kabla ya kulitazama.

"Ulilijuaje, Mama Wanjira?" Kinya akauliza.

"Nilionyeshwa ndotoni."

"Ndotoni!" Ruguru akasimama, wateja wakageuka. "Ndoto gani hiyo yenye choo changu ndani?"

"Kumbe ni lako?" Kinya akamgeukia. "Wewe ulijuaje kwamba linatibu?"

Angeweza kumtaja nyanya yake, na soko lote lingeamini. Lakini Wanjira alikuwa akitabasamu.

"Nilijua halitibu," Ruguru akasema. "Nililiweka ili huyu aliibe."

Kisha Wanjira, kwa upole kabisa: "Na wagonjwa wako je, wifi? Nao waliiba?"

Wiki hiyo wateja wachache waliosalia wakahamia meza ya Wanjira. Ruguru akazungushia choo chake mabati, ule mmea ukiwa ndani, akafunga kufuli. Siku ya soko Wanjira akabisha hodi, ameshika tumbo, kapu begani, akisema amebanwa na haja. Mke wa kaka yako utamnyimaje choo? Ruguru alimfungulia, akasimama nje akisikiliza majani yakichumwa.