Mwandishi wa Ndege wa Niboye

Kabla ya vita, hakuna mtu mtaani Niboye aliyeona ajabu Mutsinzi akishuka bondeni alfajiri na darubini shingoni. Walimzoea, kama watu wanavyomzoea mwenye wazimu usiodhuru. Alikuwa mwalimu wa zamani, mrefu, mkimya, na kila wiki aliandika safu katika gazeti dogo lililochapishwa nyuma ya maduka ya Remera: mnana anavyosuka kiota, kwa nini kinyonga anaogopwa bure, mafunjo ya bonde la Masaka yanavyochuja maji. Wasomaji wake walikuwa wachache, wengi wao watawa na walimu. Mhariri, Nizeyimana, alimpa nafasi chini ya matangazo ya vifo. "Huko," alimwambia, "hakuna atakayekusumbua."

Oktoba ya mwaka 1990 vita vikazuka kaskazini-mashariki, wakimbizi wa zamani wakivuka mpaka na bunduki. Wiki ileile ikatoka makala aliyokuwa ameiandika kabla hata risasi ya kwanza haijalia. Ilisema kwamba imisambi, wale korongo wenye taji la manyoya ya dhahabu, wamefika Masaka kutoka mashariki, wengi, mapema kuliko desturi yao, na wenyeji wasiwafukuze bali wawapokee.

Askari walimfuata nyumbani wakati anakunywa uji.

"Hii misambi iko nani?" aliuliza afisa, gazeti mkononi.

"Ni ndege, afande."

"Ndege wenye taji. Kama wafalme." Afisa akamtazama. "Inatoka mashariki. Watu waipokee. Unatuona sisi watoto?"

Mutsinzi akaeleza habari za mvua na mbegu, na kadiri alivyoeleza ndivyo afisa alivyozidi kuandika. Akatupwa gerezani pamoja na umati wa waliokamatwa kama yeye, na Noeli ikampitia humo. Aliporudi alikuwa amepungukiwa na meno, na sikio la kushoto halikusikia tena. Mkewe, Gaudiose, alikuwa ameitumbukiza darubini chooni siku ileile aliyochukuliwa.

Swali moja lilimkaa kooni: nani alimchongea? Nizeyimana aliyeichapisha makala hiyo hakuguswa. Kwa nini? Halafu alikuwako Raihana, fundi cherehani wa nyumba ya pili, Mwislamu ambaye babu yake alikuja na misafara ya biashara kutoka pwani. Baraza lake lilitazama njia ya bondeni, na kila asubuhi aliuliza, "Jirani, leo umeona nini huko chini?" Zamani Mutsinzi aliipenda salamu hiyo. Sasa aliisikia kama ndoano, akaacha kuiitikia.

"Raihana ndiye aliyenipa unga wewe ulipokuwa ndani," Gaudiose alimkumbusha.

"Ndiyo hivyo. Anayekupa unga anajua chungu chako kimebaki na nini."

Gaudiose akainuka akafunga dirisha. Siku hizo watu wengi walikuwa wakifunga madirisha mapema hivyo.

Vyama vingi vilipokuja na magazeti yakaota kama uyoga, Nizeyimana alimwomba arudi. Mutsinzi akarudi, akachagua mambo aliyodhani hayana meno: vyura, siafu, magugu ya mtoni. Lakini wasomaji walikuwa wamebadilika. Katika baa moja ya Remera mtu asiyemjua alimvuta shati. "Mwalimu, siafu wale ni chama gani?" Mwingine akampongeza kwa kuwapasha wakubwa kupitia magugu. Mutsinzi akawa anaisoma kila makala kama afisa yule angeisoma, huku akitoa maneno: taji, mashariki, mizizi. Mende, mdudu wa jikoni tu, hakuthubutu kumtaja, kwa kuwa jina lake lilikuwa limeshavishwa waasi na wote waliodhaniwa wenzao. Kilichobaki kilikuwa chembamba, na bado watu walikitafutia mfupa.

Mwisho wa mwaka 1993 alishuka Masaka na kukuta yangeyange wameihama miti yao. Akazunguka akitafuta sababu. Nyuma ya mikaratusi aliwaona vijana wamejipanga mistari, wengine na fimbo zilizochongwa mfano wa bunduki, wengine na mapanga, na mtu mwenye koti zuri akiwapigia filimbi. Mutsinzi alijilaza kwenye mafunjo, maji yakimfika kifuani, mpaka walipoondoka.

Hakumwambia mtu, hata Gaudiose. Aliandika: *Yangeyange hawalali tena Masaka. Chini ya mikaratusi ameingia mnyama nisiyemjua. Anatembea kwa makundi, wala hali majani. Mwenye vifaranga asingoje msimu.*

Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kuficha jambo ndani ya safu. Nizeyimana aliisoma, akamkazia macho, akaipeleka mtamboni. Kule baa, yule wa siafu alimwambia kwa masikitiko, "Mwalimu, umepoa. Siku hizi unaandika ndege tu."

Wiki iliyofuata alimkuta Raihana akifunga cherehani yake nyuma ya pikapu, wanawe wameshapanda.

"Unahama, dada?"

"Kwa mjomba, Ngara."

"Kuna nini?"

Raihana alitazama njia upande huu na upande ule. "Unaniuliza mimi? Umeandika mwenyewe, hukujisoma?"

Mutsinzi akamsogelea. Akauliza kile alichokibeba miaka yote. "Raihana, mwaka ule, ni wewe uliyewaambia habari zangu?"

Hakukasirika. "Walikuja hapa barazani wakauliza unatazama nini bondeni. Nikasema ndege. Wakacheka wakaenda zao. Kama huko ni kukusema, basi nilikusema." Akafunga fundo la mwisho. "Mchukue mkeo mwondoke."

Yeye na Gaudiose waliondoka Februari, na mfuko mmoja, wamevaa kama waendao harusini, wakavuka daraja la Rusumo kuingia Tanzania. Mutsinzi alikuwa amemsihi Nizeyimana naye atoke. "Gazeti atalitoa nani?" alijibu mhariri. Waliagana kwa kushikana mikono, na hata hapo Mutsinzi hakumtajia siku ya safari, kwa kuwa hakujua mkono ule ulimtumikia nani.

Aprili ilipofika, na watu wakaanza kumiminika Ngara na habari zisizosimulika, alikwenda kila siku barabarani kuuliza habari za Nizeyimana. Mmoja alisema alimwona akifunga mlango wa ofisi. Baada ya hapo hakuna aliyejua.

Raihana aliwapa chumba nyuma ya duka la mjomba wake. Asubuhi moja, Gaudiose alipokuwa akiwasha moto, ndege mmoja akalia juu ya paa, akarudia, akarudia tena.

"Yule ni ndege gani?" aliuliza, kama alivyozoea kuuliza zamani.

Mutsinzi aligeuza sikio lake zima, akasikiliza. Kisha akainuka, akachungulia nje ya mlango kuona kama kuna mtu, akarudi, akamjibu kwa sauti ya chini.