Dawa ya Rejista Nyingine

Ipo Jumanne moja ambayo hainiachi, mwanangu, na jana uliiamsha tena. Ulinisikilizisha sauti kwenye simu yako, kijana wa Butembo akimwita muuguzi mwizi kwa sababu mama yake amerudishwa nyumbani bila dawa. Ulingoja niseme ana haki. Nikatoka, nikauzunguka uwanja wa nyumba mara sijui ngapi. Sasa kaa hapa nikuambie kwa nini.

Wakati huo nilikuwa na watoto watatu, Amina akiwa wa kwanza, na lori moja la Fuso, lakini kichwani nilikuwa bado kijana. Nilikaa hapahapa Beni, commune ya Ruwenzori, nikibeba bidhaa kutoka mpakani Kasindi hadi Butembo. Butembo alikaa dada yangu mkubwa, Yaya Zaina, muuza vitenge. Mama yetu alipofariki, yeye ndiye aliyenilea. Kila nilipofika na gari nilikuta ameniwekea chakula, hata nikichelewa siku mbili.

Binamu yetu alifanyiwa upasuaji, ndugu tukaitwa kutoa damu. Damu ya Yaya Zaina ikakataliwa. Walimwita pembeni wakamwambia ana homa ya ini B. Hakujisikia mgonjwa, ila uchovu, ambao alidhani ni wa soko. Dokta, mtu wa Kasai aliyeletwa kufanya kazi kwetu, alitueleza polepole kwamba virusi hivyo hukaa ndani ya ini miaka mingi kimyakimya, vikilila. La dada yangu lilikuwa limeanza kuharibika. Dawa ya kuvizuia ipo, kidonge kimoja kila siku, pengine maisha yote. Akaandika jina lake kwenye karatasi: tenofovir.

“Akianza, hapana kuacha,” akasema. “Jamais. Ile virusi inarudiaka na nguvu.”

Nilidhani kazi ngumu imekwisha, maana jina tulikuwa nalo. Nikaanza kuzunguka maduka ya dawa, ya Butembo kwanza, halafu ya Beni. Hapa wananiangalia tu, pale wanatikisa kichwa. Mmoja aliniuzia chupa ya maji meusi, eti yanasafisha ini. Yaya aliyanywa siku tatu akatapika, tukayamwaga. Wiki zikapita. Nilikuwa naendesha gari bila kusikia hata utingo akiniita. Ndipo muuzaji mmoja aliponivuta kando.

“Ile dawa iko,” akaninong'oneza. “Iko kwa centre de santé. Mais baliificha.”

Lakini wameificha. Neno hilo nililibeba njia nzima.

Jumanne asubuhi nikaingia kwenye kituo hicho cha afya, hapo Butembo. Kwenye dirisha la dawa alikuwa muuguzi mmoja wa makamo, Mama Kavira, mtu wa sauti ndogo, aliyetujua mimi na dada yangu. Nyuma yake kabati lilikuwa wazi, na kwenye chupa nyeupe zilizopangwa humo nikaliona jina langu. Yaani jina la karatasi yangu. Lilikuwa kati ya majina mengine mawili, lakini lilikuwa lenyewe, herufi kwa herufi.

“Njo hii, ndiyo yenyewe,” nikasema, nikimwonyesha karatasi na kumtajia ugonjwa wa Yaya.

Aliisoma, akainama karibu na dirisha ili wengine wasisikie. “Papa Amina, iyi iko ya bagonjwa bengine. Iko na rejista yake. Ugonjwa ya dada yako haiko ndani. Ngoja nimalize batu, nikuelezee.”

Sikungoja; rejista ile kila mtu alijua ni ya wenye ukimwi. Nilipiga dirisha kwa kiganja nikapaza sauti. Nilimwita mwizi. Nikamwambia anauza dawa za watu. Halafu, Mungu anisamehe, nikageuka, nikalinyooshea kidole benchi walipokaa watu kama wanane wakingoja zamu, nikasema: “Hawa munawapa, kwa sababu wana ukimwi! Dada yangu kosa lake ni nini? Ni kwamba hana ukimwi?”

Watu walitazama miguu yao. Mwanamke mmoja aliyekaa mwisho wa benchi alijifunika kitenge usoni, akainuka, akatoka haraka bila kuchukua chochote. Nilimtambua. Alikuwa anakuja sokoni na magunia ya maharage kutoka Masereka. Jina lake nalijua, na hata wewe sitakutajia. Wala sikufikiri lolote juu yake dakika ile. Niliondoka nikijiona shujaa, na jioni nikasimulia gereji nzima.

Ijumaa mchana, nilipotoka msikitini nikaenda kwa Yaya Zaina, nikamkuta Mama Kavira amekaa sebuleni, mkoba mapajani. Nilitaka kurudi nje. Yaya akanionyesha kiti.

“Kaa,” akasema. “Leo utasikiliza.”

Mama Kavira hakunigombeza kwa matusi yangu. Alitoa karatasi kwenye mkoba, barua alizoandika kwa wakubwa wake kuomba dawa ya wagonjwa wa ini, moja baada ya nyingine, na hakuna hata moja iliyojibiwa. Akanieleza kwamba zile chupa huja kwa hesabu ya watu. Kila chupa ina mwenyewe. Akimpa mtu asiye kwenye rejista, kuna mwenzake atakayefika mwisho wa mwezi akute pengo. Na kidonge chenyewe kina dawa tatu ndani, na dada yangu aliandikiwa moja tu.

“Basi mumuandike tu kwenye ile rejista,” nikasema. “Nani atajua?”

“Mimi nitajua,” akasema Yaya Zaina, kabla mgeni hajafungua kinywa.

Nikauliza kwa nini basi maduka hayana. Mama Kavira akapumua. “Nani atainunua? Batu banaogonjwa ile ini ni bengi, mais habajapimwa, donc habajijue. Mwenye duka analeta chupa, zinakaa, zinaharibika. Na mbele ya kuanza, damu inapaswa kupimwa, ijulikane virusi iko ngapi. Ile mashini hapa hatuna. Damu inaenda Goma na ndege, ao inavuka Uganda. Njo vile, Papa Amina. Hakuna mutu moja mwenye kuificha. Ingekuwa mutu moja, ningesha kupigana naye.”

Nilitaka kuomba radhi. Akaniinulia mkono.

“Haiko hiyo njo imenileta. Ule mama wa kitenge hakurudia. Yeye anapita vituo vingine njiani, anakuja mbali, juu asionekane na batu ba kwao. Leo njo siku yake ya tatu bila dawa. Weye ulimutangaza.”

Mwanangu, nimewahi kuanguka na gari korongoni nikatoka mzima. Sikuogopa siku ile kama nilivyoogopa sebuleni mwa dada yangu. Yaya alikuwa analia bila sauti. Yeye ndiye aliyekuwa mgonjwa, yeye ndiye asiye na dawa, na machozi yake yalikuwa ya mtu mwingine.

“Dawa yangu itangoja,” akasema. “Kwanza uende Masereka.”

Jumamosi nikapanda pikipiki. Ule mlima una baridi na matope, na mimi kila kona nilikuwa natunga maneno na kuyafuta. Nilimkuta shambani, amepiga magoti kwenye maharage. Aliponiona alisimama, akatazama upande wa nyumba kuona kama mumewe ametuona. Hapo nikaelewa kwamba hata kufika kwangu ni hatari nyingine niliyomletea.

“Mama, nilikosa,” nikasema kutoka mbali. “Mama Kavira anasema atakungoja Alhamisi, siku ya soko. Hapana kwenye kituo. Nyumbani kwake, mlango wa nyuma. Chupa yako iko.”

“Watoto wangu walisikia sokoni,” akasema. “Juzi. Mukubwa aliniuliza.”

Nikapiga hatua moja kumkaribia.

“Uende,” akasema. “Watu wasikuone hapa.” Akapiga magoti tena, akaendelea na kazi.

Huo ndio msamaha niliopata.

Kwa Yaya, njia ilikuwa ndefu. Dokta aliandika barua, nikampakia dada kwenye Fuso, tukavuka mpaka. Walimtoa damu, tukarudi, tukangoja majibu, tukavuka tena, ndipo akapewa chupa za miezi mitatu. Mkono wake ulipokishika kile kidonge cha kwanza, alisema Bismillahi, akakimeza, akacheka. “Kadogo vile!” akasema. “Na kametusumbua vile!”

Lakini kumbuka tuko wapi. Safari ya pili ya kuchukua dawa, watu wenye silaha walishambulia barabara kati ya Beni na Kasindi. Magari yakazuiwa. Nikakaa mpakani na chupa zake chini ya kiti, nikiwauliza askari kila saa, na kila saa jibu ni kesho. Nilipiga simu: “Yaya, vidonge vimebaki?” Anasema, “Vingi tu, usihangaike.” Siku ya tisa jeshi lilisindikiza msafara, nikapita. Nilipofika Butembo nilimkuta amelala, macho ya njano. Wiki kadhaa kabla, barabara ilipoanza kutisha, alikuwa ameanza kuruka siku, anameza leo kesho anaacha, ili vidonge vifike mbali, na hakuniambia ili nisijaribu kupita njia mbaya. Alilazwa wiki nne. Tulimwita imamu. Akapona, alhamdulillahi, lakini si kama zamani. Hadi leo anameza, na hadi leo kila chupa ikikaribia nusu mimi situlii. Naulizia barabara. Naulizia mpaka. Sijazoea, na sidhani nitazoea.

Na yule mama wa Masereka? Sokoni sikumwona tena. Baada ya miezi nilimuuliza Mama Kavira kama alikuja ile Alhamisi.

“Batu bakiniuliza habari ya dada yako,” akasema, “unataka nibajibu nini?”

Sikumuuliza tena. Hivyo sijui, mwanangu. Pengine alipata dawa yake siku ileile na anaishi vizuri mahali pengine. Pengine sivyo. Nimezeeka na swali hilo, na wajukuu wananiita mtu mpole, na mimi najua nilichomfanyia.

Basi nikuambie lile ninalotaka ulishike. Ukinyimwa dawa, uliza. Uliza imetoka wapi, imeandikiwa nani, imekwama wapi, na majibu uyapeleke kwa mwenye uwezo wa kuyafanyia kazi, hata kama itakubidi kwenda mara kumi. Aliyekaa dirishani mara nyingi amekwama kama wewe. Ugonjwa wa mtu usiutaje mbele ya watu, hata ukiwa na uchungu, hata kama unadhani unatetea wako, maana neno hilo hutalirudisha. Nenda ukapime ini lako, na watoto wako wachanjwe mapema. Mgonjwa wako akianza dawa, hesabu naye vidonge kwa macho yako, usitosheke na maneno ya kwenye simu. Na ile sauti uliyonisikilizisha jana, usiitume kwa mtu mwingine. Ifute hapa, nikiona.

Ahsante, naona umeifuta.

Mungu akulinde, mwanangu, wewe na njia zako zote. Akupe mwili mzima, na ukiugua akufikishie tiba ikiwa bado na faida. Watu wakikuaminia siri zao, akupe kifua cha kuzitunza mpaka siku yako ya mwisho. Amina.