Leso ya Mshindi

Kila nipitapo penye mafungu ya omena, wale dagaa wa ziwani, sokoni Keroka, ile harufu hunirudisha uwanjani kwetu, siku ya michezo ya mkoa. Timu ya kisiwa kimoja cha ziwani ilikuwa na wasichana watatu tu, na sare zao zilinuka hivyo hivyo.

Kwetu mshindi alifunikwa leso huku akina mama wakiimba. Siku hiyo leso nilishika mimi.

Mbio ndefu akashinda msichana wa kisiwani. Akina mama wakabaki wameketi.

“Mama, nimpelekee?”

“Ngoja wetu.”

Wetu akafika wa nne. Nyimbo zikaanza, nikatoka mbio na leso. Yule wa kisiwani aliniona nikija, akatabasamu, akanyoosha mikono.

Nikampita.