Upanga Nilioutia Makali

Siku bosi aliponiambia nichague mwenyewe, nilijua kuna jambo. Nilikuwa nimemwendesha mwaka mmoja na miezi minane, nyumbani hadi ofisini kwake Olaya, mjini Riyadh, na kurudi, na hakuwahi kuniachia nichague hata kituo cha petroli. Leo ananituma nikanunue upanga wa harusi ya mwanawe, na nikimuuliza ni upi hasa, ananiambia niangalie tu, nitajua.

Dereva wa nyumba hujaribiwa sana, na mimi nilikuwa nimeshazoea. Niliwahi kuokota noti ileile chini ya zulia la gari mara tatu, ikiwa imekunjwa vilevile, na mara tatu nikamrudishia. Kwa hiyo sikuona upanga, niliona mtihani. Na mtihani huo ulikuja wakati mbaya. Mamangu alikuwa amelazwa Kitale, figo zake zimechoka, na bosi alikuwa ameniahidi kwamba harusi ikiisha salama atanipa pasipoti yangu na karatasi ya kutoka na kurudi, siku thelathini. Hilo neno "salama" lilininyima usingizi. Nani angeamua kama imeisha salama?

Harusi ilikuwa Jeddah, kwa kina bibi harusi. Huko wanaume hujipanga bega kwa bega, ngoma inapigwa, nao wanacheza wakiinua panga juu. Babake bosi, mzee aliyetembea kwa fimbo, alikuwa ameapa atacheza harusi ya mjukuu wake. Upanga wa ukoo ulikuwa kwenye kabati la kioo sebuleni, umefungiwa, na bosi hakutaka usafirishwe. Alitaka wa kuiga, wa bei nafuu, wenye sura ya zile za karne za kale, walizobeba wapanda farasi.

Duka lilikuwa upande wa Murabba, linauza mabuli ya kahawa, vyetezo na mapambo ya ukutani. Muuzaji, Myemeni wa makamo, aliniwekea panga tatu juu ya meza ya kioo na kurudi kwenye chai yake. Sikupenda jinsi alivyoniacha peke yangu nazo.

Wa kwanza ulikuwa umenyooka, makali pande mbili, na kipande cha chuma kimekingama juu ya mpini, kama wa wapiganaji wa Ulaya ya zamani. Uling'aa kama sufuria mpya. Nikautikisa karibu na sikio, mpini ukagonga. Hapo niseme kwamba kabla ya kuja Saudia nilikuwa nimefanya kazi miaka sita katika duka la vifaa Kitale, nikiuza majembe na mapanga ya shamba, na chombo kinachogonga mpinini nakijua. Chuma kimeingia kidogo tu ndani ya mpini, kimeshikwa na nati. Mzee angeuinua mara mbili, bapa lingeruka likampata mpiga ngoma.

Wa pili ulikuwa wa kupinda, na bapa lake limejaa mistari ya mawimbi, ile inayotokea fundi akikunja chuma na kukigonga mara nyingi. Ulikuwa mzuri kupita kiasi. Nikapima kwa shubiri. Kila baada ya shubiri moja, wimbi lilelile lilirudi, na kidoa kilekile pembeni yake. Walikuwa wamechora kwa dawa. Nilimtazama muuzaji, naye akatazama chai yake.

Wa tatu nao ulipinda, rangi yake imefifia, ala yake ya ngozi inanuka mbuzi. Mpini wa mti, misumari miwili imepita hadi upande wa pili. Niliugonga kwa kucha, ukalia kwa muda mrefu. Niliupenda papo hapo, na kwa kuwa niliupenda nikaanza kuutilia shaka. Mbona ulikuwa wa bei ya chini kuliko ule wa kuchorwa? Nikapitisha kidole kwenye makali, na nikapata jibu. Haukuwa na makali yoyote. Ungeweza kuukalia.

"Huo ni wa harusi," muuzaji aliniambia kwa Kiarabu cha polepole, ili nielewe. "Lazima uwe butu. Mafi mushkila, hakuna shida."

Nilicheka moyoni. Maneno ambayo muuzaji humwambia mteja bidhaa ikiwa na kasoro nayafahamu, nimeyasema mwenyewe. Jembe likipinda, unasema limetengenezwa hivyo kwa udongo mgumu. Lakini chuma kilikuwa kizuri na kasoro ile nilijua dawa yake, kwa hiyo nilimlipa.

Nyumbani kwetu panga jipya hutoka kiwandani bila makali. Hakuna duka la heshima linalomkabidhi mzee panga butu. Unalipitishia tupa pale mlangoni, yeye analijaribu kwenye vinyweleo vya mkono, anaridhika, anaondoka. Bosi akipokea upanga butu, nilijiambia, atasema nimedanganywa dukani, au atafikiri nimekula njama na muuzaji. Nikachukua tupa kwenye vifaa vya gari, nikajificha nyuma ya gereji, na kwa alasiri mbili niliunoa ule upanga. Siku ya pili ulinyoa mkono wangu hadi ukabaki kama wa mtoto. Nilijivuna, siwezi kuficha.

Aliyenikuta nikitoka kule ni dada wa jikoni, mama mmoja wa Kwale aliyekuwa katika nyumba ile miaka mitatu kabla yangu. Alikuwa anaanika nguo. Aliona unga wa chuma mikononi mwangu akaniuliza nafanya nini huko.

"Natengeneza breki," nikamjibu.

Sikumwamini, ndiyo sababu. Alizungumza Kiarabu vizuri mno na madam, mke wa bosi, na kila walipocheka jikoni nilihisi ni mimi nachekwa. Tena mamake alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, akaomba ruhusa aende, madam akamwambia mazishi yatakuwa yamepita, ataenda kufanya nini. Mtu aliyenyimwa hivyo, niliwaza, atafurahi vipi kuona mimi nikipewa? Niliamini neno moja kutoka kwake lingetosha kuniharibia safari.

Bosi na familia yake, pamoja na dada, walipanda ndege kwenda Jeddah. Mimi niliendesha na mizigo, kutoka alfajiri hadi jua lilipokaribia kuzama, upanga ukiwa kwenye kiti cha nyuma ndani ya ala yake. Njiani nilisimama mara nne kuangalia kama bado upo, ingawa hakukuwa na mtu mwingine garini.

Kesho yake, siku ya harusi, mzee aliagiza upanga upakwe mafuta ung'ae. Nilikuwa naosha gari uani mwa nyumba tuliyofikia, kabla ya adhuhuri, nikamwona dada anatoka mlango wa jikoni, mkono wa kulia ameuzungushia leso, na leso imeloa damu.

"Kaka, si ule upanga ni wa kuchezea?"

"Ndio."

"Basi njoo uone ulivyonicheza."

Alikuwa ameupitisha ndani ya ngumi yake, na kitambaa, kama mtu yeyote anavyofuta kitu butu. Kiganja kilikuwa kimefunguka kutoka upande hadi upande. Akaniambia bila kupandisha sauti, "Yule mzee atauzungusha juu ya vichwa vya watu, na wajukuu wamemzingira. Yaondoe hayo makali sasa hivi. Mie naenda kwa madam."

"Utamwambia nini?"

"Yatakayonijia."

Nikajua yangu yamekwisha. Nilichukua upanga nikakaa kwenye ngazi ya saruji nyuma ya jikoni, nikaanza kuusugua makali dhidi ya saruji, na huku nikiupanga utetezi wangu. Ndipo nikasikia glasi ikivunjika ndani, halafu sauti ya madam. Nikachungulia dirishani. Dada alikuwa amesimama kwenye sinki, mbele yake vipande vya glasi moja ya zile za seti walizowaletea wageni, na damu yake inatiririka juu yavyo. Alikuwa ameivunja kwa makusudi, uongo wake upate ushahidi. Madam alimfokea kwa muda mrefu kwamba ana mikono mibovu, siku kama hiyo. Kisha akamnyang'anya simu, kwamba ndiyo inayompotezea akili, ataipata mwisho wa mwezi unaofuata. Kwa simu hiyo dada alikuwa akiongea na mwanawe kila Ijumaa.

Ningependa kuandika kwamba nilimshukuru Mungu kwa ajili yake. Niliogopa zaidi. Mtu anayeweza kukudanganyia vizuri namna ile, na kwa bei ile, amekuweka mfukoni. Niliomba ruhusa nikatafute oili ya gari, nikaenda mtaa wa Sharafiya, nikanunua bendeji na dawa ya kidonda. Nikiwa kwenye foleni ya duka la dawa nilikuwa nakisia atataka nini. Labda nimpelekee mzigo nisioujua una nini. Labda nimwambie bosi jambo fulani kwa niaba yake. Nilipomkabidhi zile bendeji alisema ahsante tu, na ule ufupi wa ahsante yake nikaufikiria hadi jioni.

Jioni hiyo madereva tulisimama mlangoni mwa ukumbi. Ngoma ikaanza, mzee akaacha fimbo, akauinua upanga wangu. Alikuwa anacheza polepole, anainua, anaulaza begani, anainua tena. Mtoto mmoja wa kama miaka minne akachomoka mikononi mwa babake, akamkimbilia, akaukamata upanga kwa mkono mzima, hapo hapo kwenye bapa. Mzee akacheka, wakacheza wote wawili wakiwa wameushika. Mtoto alipoachia, nilikitazama kiganja chake kwa mbali. Kilikuwa safi.

Wiki iliyofuata, Riyadh, bosi alinipa pasipoti na karatasi yangu. Akasema upanga ulipendeza sana, wageni waliuulizia. Nilizisoma tarehe mara tatu nikitafuta mtego.

Asubuhi ya safari nilikwenda mlango wa jikoni. Dada alikuwa anakatakata vitunguu kwa mkono wa kushoto, wa kulia bado umefungwa. Nilikuwa nimemngoja siku tisa atamke shida yake na hakutamka, na sikuweza kupanda ndege nikiwa na deni nisilolijua.

"Dada, niambie tu unataka nini kwangu."

Alinitazama kana kwamba nimesema kwa lugha asiyoijua.

"Mamako anaongea?"

"Anaongea kidogo."

"Basi nenda ukaongee naye." Akakata kitunguu kingine. "Wangu alinipigia, nikamwambia nitampigia baadaye, madam ananiita."

Nje, bosi alikuwa amepiga honi mara mbili.